Hesabu Iliyoishia Ishirini

Katika maisha yangu ya ualimu nimewafundisha watoto mambo mengi ambayo sikuyachagua mimi. Muhtasari ulitoka Dar es Salaam, vitabu vilitoka wilayani, na kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya ubao na kuyafikisha. Lakini lipo jambo moja nililolichagua kwa hiari yangu mwenyewe, nikalifundisha uani kwangu kila Jumamosi asubuhi kwa muda wa miaka mitatu, na hilo ndilo linalonirudia usiku ninapokosa usingizi. Niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili lugha ya Kijerumani, tena kwa michezo mitupu. Swali ninalotaka kulijadili katika kurasa hizi ni hili: mtu mzima anapompa mtoto kitu kizuri kwa njia ya mchezo, je, anawajibika kumwambia kitu hicho kimetoka wapi? Na kama anawajibika, amwambie lini?

Nakaa Himo. Msomaji asiyepafahamu na apafikirie kuwa ni mahali ambapo barabara zinakutana: moja yaenda Moshi, moja yashuka Same na Dar es Salaam, moja yaelekea Holili kwenye mpaka wa Kenya, na nyingine yapanda Marangu na Rombo. Ni mji wa soko, wenye vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Asubuhi, kabla ya mawingu kushuka, tunauona mlima wote, Kibo na Mawenzi, na ukishakaa hapa miaka mingi unaweza kupita mwezi mzima bila kuinua macho kuutazama. Wengi wetu tuna kihamba huko juu na shamba la mahindi huku chini, na maisha yetu ni kupanda na kushuka.

Kijerumani nilikipata kwa kupanda na kushuka huko huko. Nilipokuwa kijana, kabla sijachukuliwa kuwa mwalimu katika ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, nilibeba mizigo ya wageni kwenye njia ya Marangu. Wageni wa Kijerumani walijifunza kwetu neno "polepole", nasi tukajifunza kwao neno "langsam", ambalo maana yake ni ile ile. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza. Baadaye nilikutana na daktari mmoja wa Kijerumani aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni. Yeye alitaka Kiswahili, mimi nilitaka Kijerumani, basi tukabadilishana jioni kwa jioni kwa muda wa miaka miwili kama watu wanaobadilishana ndizi na mahindi. Hakuwahi kunidai kitu, nami sikumdai. Alipoondoka aliniachia kamusi na kitabu cha hadithi za watoto chenye picha.

Mwaka 1996 majirani zangu wawili, ambao watoto wao wa kiume walikuwa wapagazi mlimani, walikuja kuniomba niwafundishe wadogo wa vijana hao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: anayejua Kijerumani habebi mzigo, anaongoza, na anayeongoza hupata bakshishi nono zaidi. Niliwaambia kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kuongoza mtu mlimani. Mmoja wao akanijibu, "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi." Nikakubali. Walianza watoto sita, baada ya muda wakawa kumi na wanne. Mzazi aliyekuwa na fedha alitoa shilingi mia mbili kwa mwezi, asiyekuwa nazo alileta mkungu wa ndizi au hakuleta kitu.

Niliamua tangu siku ya kwanza kwamba uani kwangu hapatakuwa na ubao wala fimbo. Nilikuwa nimefundisha miaka ishirini katika madarasa ya watoto sabini na zaidi, nikaona jinsi lugha inavyokufa mdomoni mwa mtoto anayeogopa. Mtoto akicheza hajui kwamba anajifunza, na kwa sababu hajui, haogopi kukosea. Hiyo ndiyo siri yote, wala si yangu, kila mama anaijua.

Tulicheza ule mchezo wetu wa nyama, ambao kiongozi hutaja wanyama mmoja mmoja na wenzake huitikia kwa mnyama anayeliwa na kunyamaza kwa asiyeliwa. Tuliucheza kwa Kijerumani, na mtoto aliyeitikia kwenye jina la mbwa alichekwa mpaka machozi yakamtoka. Wajerumani wenyewe wana mchezo unaofanana na huo: kiongozi hutaja vitu, na watoto huinua mikono kwa kila kitu kinachoruka. Tuliucheza huo pia, na kunguru wa Himo akawa mwalimu wangu msaidizi. Tulicheza mchezo wao wa sufuria: mtoto hufungwa kitambaa machoni, hupewa mwiko, hutambaa akipapasa na kugonga chini kuitafuta sufuria iliyofichwa, na wenzake humwongoza kwa kelele za "baridi", "vuguvugu" na "moto". Chini ya sufuria niliweka karanga. Tulikuwa na duka la nyanya na chumvi. Tulikuwa na kufua: watoto walitandaza kamba kutoka mwarobaini hadi kwenye nguzo ya jiko, wakaanika vitambaa na kanga kuukuu za mke wangu, huku wakitaja kila nguo kwa jina lake na kusema kwa sauti, "aufhängen, aufhängen", yaani anika, anika. Na tulikuwa na kuruka kamba. Wawili walizungusha, mmoja aliruka, wote walihesabu.

Kuhesabu ndiko kulikowafurahisha kupita yote. Kijerumani, katika namba kama ishirini na moja, hutanguliza kidogo mbele ya kikubwa. Badala ya kusema ishirini na moja, wao husema moja na ishirini. Ishirini na mbili ni mbili na ishirini. Watoto waliona kwamba hawa ni watu wanaovaa viatu kabla ya soksi. Walicheka kila walipofika hapo, na kwa sababu ya kicheko hicho kila mmoja alijitahidi aruke apite ishirini.

Jumamosi moja ya mwaka 1998, baada ya ile mvua kubwa ya El Niño kukatika, alipita mzee mmoja tuliyemwita Meku, kama tunavyowaita wazee wa kwetu. Alikuwa na shamba upande wa pili wa barabara na mjukuu wake alikuwa miongoni mwa watoto wangu. Alisimama kwenye ua wa michongoma, akaegemea fimbo yake, akasikiliza. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiruka. Watoto walihesabu, wakapita ishirini, wakacheka, na mjukuu akanaswa mguu baada ya namba ya ishirini na tano. Watoto wakapiga makofi.

Nilimwendea. "Shikamoo, Meku."

"Marahaba, Mwalimu. Wamehesabu mpaka ngapi?"

"Ishirini na tano. Lakini Wajerumani husema tano na ishirini, ndiyo maana wanacheka."

Alikaa kimya. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anaonja neno hilo, "Tano na ishirini. Hamsa ishirini."

Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo, lakini wazee wa Tanganyika walilijua wote. Katika zama za Wajerumani "hamsa ishirini" lilikuwa jina la adhabu. Amri ya serikali yao ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na ikataka Mzungu awepo adhabu inapotolewa. Kikomo kikageuka kuwa desturi, na desturi ikapata jina. Meku aliniambia kwamba baba yake aliipata adhabu hiyo kwa kuchelewa kazini barabarani. Askari ndiye aliyepiga. Mjerumani alisimama kando na kuhesabu.

"Baba hakujua neno jingine lolote la lugha yao," alisema. "Sisi hawakutufundisha Kijerumani, Mwalimu. Baba walimfundisha kuhesabu tu, na ubao ulikuwa mgongo wake."

Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba kama anataka nitauacha mchezo huo. Akatikisa kichwa. "Sijasema uache. Mtoto anaruka vizuri. Nakuuliza tu: wanajua wanachokihesabu?"

Sikuwa na jibu. Aliniaga, akamwita mjukuu wake, wakaondoka wameshikana mikono. Alifariki mwaka uliofuata, nami sikuwahi kumjibu.

Sasa nitaeleza nilichofanya, na msomaji ataona kwamba si cha kujivunia. Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto kwamba tangu siku hiyo mwisho wa hesabu ya kamba ni ishirini. Anayefika ishirini ameshinda, anampisha mwenzake. Watoto walinung'unika kidogo, wakatii. Binti mmoja mwembamba wa darasa la pili, ambaye hakuwa na tabia ya kutii kabla hajaelewa, aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini tunaishia ishirini, na zile za kuchekesha ndizo zinaanza?"

Nikamjibu, "Namba zinazofuata ni ngumu. Mtazisoma mkiwa wakubwa."

Ulikuwa uongo. Namba hizo walizijua tangu zamani, na yeye alizijua kuliko wote. Aliniangalia kwa muda, akaenda kuzungusha kamba. Uani kwangu hapakuwa na ubao wala fimbo, lakini siku hiyo niliingiza kitu kibaya kuliko fimbo, maana fimbo mtoto huiona.

Nimeyapima mambo haya kwa miaka mingi, na nimejipa hoja tatu za kujitetea. Nitaziweka hapa moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba lugha haina kosa. Kisu hukata nyanya na hukata mtu, na hatukishtaki kisu. Lugha iliyohesabu viboko ndiyo lugha iliyonifundisha "langsam", na ndiyo aliyonipa bure yule daktari. Mjerumani Friedrich Fröbel ndiye aliyeanzisha shule za watoto wadogo kujifunza kwa kucheza, na mwaka 1840 akazipa jina linalotumika hata leo duniani kote, Kindergarten, bustani ya watoto. Mchezo wenyewe niliokuwa nikiutumia kufundishia una deni kwake. Taifa lililotoa bustani hiyo ndilo lililotuletea hamsa ishirini, na si ajabu, kwa kuwa kila taifa lina watu wa kila namna. Nakubaliana na hoja hii mpaka hapo. Lakini inajibu swali ambalo Meku hakuliuliza. Hakuniuliza kama lugha ina hatia. Aliniuliza kama watoto wanajua.

Hoja ya pili ni kwamba utoto una haki yake. Mtoto wa miaka saba anayeruka kamba ana haki ya kuruka kamba. Nikimsimamisha na kumwambia kwamba namba anayoitaja ilipasua mgongo wa babu wa baba yake, nimempa nini? Nimempa hofu asiyoweza kuibeba, au chuki asiyojua pa kuielekeza, na kamba hataiona tena kuwa kamba. Hoja hii ina nguvu, na mpaka leo siwezi kuipuuza. Hata sasa nisingesimamisha mchezo ili nitoe hotuba. Ila nimekuja kuona kwamba kunyamaza na kudanganya ni mambo mawili tofauti. Kabla ya Meku kupita nilikuwa nimenyamaza, tena kwa kutojua, kwa maana sikuwa nimewahi kuliunganisha neno hilo na kamba ile. Baada ya binti kuuliza, nilidanganya. Mtoto asiyeuliza unaweza kumwacha acheze. Mtoto aliyeuliza amekwisha kutoka mchezoni kwa miguu yake mwenyewe, amekuja mpaka mlangoni kwako anabisha hodi. Ukimfungia na kumwambia hakuna mtu ndani, humlindi utoto wake, unajilinda wewe.

Hoja ya tatu ni ya manufaa. Wazazi walitaka kazi na kipato kwa watoto wao, na historia haimpi mtu kazi. Nilijisemea maneno hayo mara nyingi. Kuna maneno mawili ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili chetu hata tumesahau asili yake: shule, kutoka Schule, na hela, kutoka ile sarafu ndogo ya Heller waliyoitumia hapa. Shule na hela. Nilipowaeleza wazazi jambo hilo walicheka sana, wakasema basi hayo mawili yanatosha, ndiyo tunayoyafuata. Nilicheka nao. Lakini miaka mingi baadaye nilikuja kufahamu kwamba hata kwa kipimo cha kazi nilikosea.

Yule binti alikua. Alisoma, akaenda Moshi mjini, akakiendeleza Kijerumani chake kwa bidii yake mwenyewe, na leo anawaongoza wageni wasiopanda mlima, wanaotaka kuona mifereji ya maji, kahawa na vijiji. Mwaka 2023, mwezi Novemba, alikuja kunisalimia Himo. Kwangu hakupiga hodi, aliingia tu kama zamani, akakaa chini ya mwarobaini.

Mwaka huo habari zilikuwa nyingi. Mwezi Septemba taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, kati ya mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, baadhi yamelinganishwa kwa vipimo vya vinasaba na kukutwa na ndugu walio hai hapa Tanzania, na moja lilikuwa la akida wa Mangi Meli. Na tarehe 1 Novemba Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, akasimama kwenye makumbusho ya Maji Maji na kuomba msamaha kwa yale waliyotendewa watu wetu.

Binti aliniambia kwamba katika wiki hizo alikuwa amewapeleka wageni sita wa Kijerumani Old Moshi, mahali ulipo mti ambao Mangi Meli alinyongewa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18. Mzee wa pale alisimulia kwa Kiswahili, yeye akafasiri. Alieleza utawala wa Mangi, vita, kukamatwa. Kisha mzee akasema, "Wakamnyonga hapa", na binti akakwama.

"Mwalimu," aliniambia, "neno la kunyonga sikuwa nalo. Katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza njia ya kunyongwa. Nilisimama nikitafuta, wageni wananitazama, mzee ananitazama. Neno pekee lililonijia ni lile la nguo. Lile la kamba yetu hapa. Nikaona aibu, nikajua watacheka, maana nitakuwa nimesema Mangi alianikwa. Lakini sikuwa na jingine. Nikalisema."

"Wakafanyaje?"

"Hawakucheka. Mama mmoja akafunika mdomo. Walielewa sawasawa."

Nilijua kwa nini walielewa. Kiswahili kina neno la kuanika nguo na neno la kunyonga mtu, na maneno hayo hayafahamiani kabisa. Kijerumani kina maneno mengine pia ya kunyonga, lakini "aufhängen" hutumika kwa yote mawili: nguo huning'inizwa, mtu huning'inizwa. Nilijua maana zote mbili tangu kwenye kamusi ya daktari. Watoto kumi na wanne walilipigia kelele neno hilo chini ya mti huu huu, wakianika kanga za mke wangu, nami nikiwapigia makofi.

Nilimweleza hayo. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Na zile namba baada ya ishirini?"

Hakuwa amesahau. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita, na bado alikumbuka siku niliyomwambia kwamba ni ngumu. Nikamsimulia habari za Meku, mwanzo hadi mwisho. Alipoelewa aliinamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kijiti. Halafu akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu: "Ningekuwa nimeambiwa na wewe, ningesimama pale Old Moshi nikiwa mwenyeji. Nilisimama kama mgeni wa saba."

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku zote niliichukua methali hiyo kuwa ni utetezi wa fimbo, na kwa hiyo sikuipenda. Siku hiyo niliielewa upya. Kumchelea mtoto kulia ni pamoja na kumchelea kujua. Nilimwachia aende akaukute ukweli peke yake, mbele ya wageni, kwa lugha yao, bila neno la kuushikia.

Basi nirudi kwenye swali langu. Je, nilikosea kufundisha Kijerumani kwa michezo? Hapana. Lile neno la nguo ndilo lililomwokoa pale mtini, na alilipata kwa kucheza. Lingekuwa neno la ubaoni huenda lisingemjia kabisa. Mchezo ulifanya kazi yake kuliko mwalimu. Je, nilipaswa kuwaambia watoto wa miaka saba habari za viboko na kitanzi? Sidhani. Lakini yule aliyeuliza alistahili jibu lenye ukubwa wa umri wake, na jibu hilo lilikuwepo. Ningeweza kumwambia: "Namba hiyo ilimuumiza baba yake Meku zamani, Meku akiisikia anasikitika. Ukiwa mkubwa nitakueleza zaidi." Hilo mtoto wa miaka minane analiweza. Lingemfundisha kwamba maneno yana kumbukumbu, na kwamba uani mwetu kuna watu wenye kumbukumbu hizo. Na mimi ningekuwa na ahadi ya kutimiza, badala ya uongo wa kuutunza kwa miaka ishirini na mitano.

Naona pia kwamba Meku alinipa nafasi ambayo sikuiona. Alisimama pale uani, mzee mwenye habari hizo kifuani mwake, na mjukuu wake akiwa amemshika mkono. Ningeweza kumwambia, "Karibu ndani, Meku, siku ukiona inafaa uwasimulie wewe." Angejua kipimo chao kuliko mimi. Badala yake nilishughulikia namba. Niliikata hesabu palipouma, nikadhani nimemheshimu.

Watu wa rika langu tuna tabia hiyo. Tunawapa watoto Kiingereza, Kijerumani, kompyuta, kila chombo cha kwenda mbali, na tunafurahi kuona wanavyovichezea kwa wepesi. Yale yaliyotuuma sisi na baba zetu tunayakata kimyakimya, tukisema wasibebeshwe mzigo. Nimewahi kubeba mizigo mlimani, najua kidogo habari zake. Mpagazi hachoshwi na mzigo anaoujua uzito wake. Anajipanga nao, anatafuta mwendo wake. Anayeanguka ni yule aliyeambiwa begi ni tupu.

Kabla ya kuondoka siku ile binti alisimama, akazunguka mwarobaini, akaniuliza kama ile kamba bado ipo. Kamba ilikuwa imeoza zamani. Mke wangu akamletea ya kufungia mbuzi. Wajukuu zangu wawili walikuwapo, wa darasa la kwanza na la tatu, na Kijerumani wamekwisha kuchota kidogo kwangu. Binti akashika ncha moja, mkubwa akashika nyingine, mdogo akaruka. Walihesabu kwa sauti. Walipofika ishirini mjukuu wangu anayezungusha alilegeza mkono, kama nilivyomzoesha bila hata kufikiri.

Binti akanitazama. Hakusema kitu.

Nikamwambia mjukuu, "Zungusha. Namba hazijaisha."